Turbo Mvua 2

Jumatano, 3 Desemba

Ni mimi niliyeifuta. Sijamwambia Mama wala Mzee Kimeli, na hata katika maombi niliomba msamaha wa "makosa ya leo" bila kuyataja. Wewe unayesoma daftari hili, hata kama ni ndugu yangu umelitoa chini ya godoro, naomba ukae kimya.

Ilikuwa hivi. Nilipomaliza mtihani wa kidato cha nne, Mama alinipeleka kwa Mzee Kimeli, mwenye studio ya video hapa Pioneer, Eldoret, ili nisishinde nyumbani nikiangalia ukuta. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hadi alipostaafu. Siku hizi anapiga video za harusi, mazishi na koito, ile siku wazee wa Kikalenjin wa pande mbili wanapokaa na kuulizana ukoo mpaka waridhike kwamba kijana na msichana si ndugu, kisha wapatane ng'ombe za mahari. Haongei sana. Mimi pia siongei. Tunaweza kumaliza asubuhi nzima kwa maneno kumi.

Kompyuta yake ni ya zamani na imejaa. Jana aliniambia, "Futa zile za zamani, zile watu wameshachukua," akaenda Cheptiret kupiga video ya mazishi. Sasa, Mzee Kimeli haandiki jina la mwenye sherehe wala tarehe. Anaandika mahali, na kitu anachokumbuka kuhusu siku hiyo. Kuna folda inaitwa Cheptiret Hema Lilianguka. Kuna Kapsaret Kuku Alipanda Meza. Kuna Turbo Mvua, na chini yake Turbo Mvua 2. Kwenye daftari la kazi, Turbo Mvua ilikuwa na alama ya kuchukuliwa. Nikadhani hiyo 2 ni nakala yake. Nikafuta zote mbili, tena kwa ile njia isiyopitia pipa la takataka, kwa sababu nilitaka kuona nafasi ikiongezeka hapo hapo. Jioni Mzee aliporudi nikaweka humo mazishi ya Cheptiret.

Leo saa tano asubuhi alikuja msichana wa Turbo anayeitwa Faith. Turbo Mvua 2 ni koito yake, ya mwezi jana. Mzee hakuwa hata ameanza kuihariri.

"Mzee, sijakuja kukusukuma," Faith alisema. "Lakini Kugo wangu, babu yangu, alipata kiharusi wiki iliyopita. Miguu inaendelea vizuri, ni kuongea ndio kumeisha. Na ni yeye alituongelea siku ya koito. Tunataka hotuba yake ichezwe kwa harusi, tarehe kumi Januari, na yeye akiwa ameketi hapo mbele."

"Iko," Mzee Kimeli alisema. "Iko kwa mashine."

Nilikuwa nimeshika kikombe chake cha chai. Nilikiweka chini polepole sana, kana kwamba hicho ndicho kingevunjika.

Alhamisi, 4 Desemba

Nimesoma kwenye simu ya Mama mpaka moto wa betri ukaisha. Nimegundua jambo ambalo linanishangaza hata nikiwa na hofu hii. Ukifuta video, kompyuta haiondoi video. Inaondoa tu maandishi yanayosema video iko wapi. Ni kama shamba ambalo mtu ameng'oa kibao cha mwenyewe. Mahindi bado yamesimama pale pale, ila sasa anayekuja yeyote anaruhusiwa kulima juu yake.

Kuna programu ya bure inayoweza kutembea katika shamba hilo na kuokota yaliyobaki. Masharti ni mawili. Usiweke kitu kipya kwenye mashine, na unachookota ukiweke kwenye diski nyingine, yenye nafasi ya kutosha.

Kwa hiyo nahitaji diski ya nje. Na nahitaji Mzee Kimeli asiguse kompyuta yake mwenyewe.

Ijumaa, 5 Desemba

"Mzee, tusiweke kitu kwa mashine kwanza. Imejaa, inaweza kuharibika."

"Si ulifuta?"

"Bado." Huo ulikuwa uongo wa kwanza niliousema kwa sauti.

Alinitazama juu ya miwani. "Harusi ya kesho nitaiacha kwa kadi ya kamera. Lakini hiyo kadi naihitaji Jumamosi ingine. Tafuta ile kitu ya kuweka nje. Wewe ndiye ulisoma Kompyuta."

Niliacha somo la Kompyuta kidato cha pili. Hilo pia sikulisema.

Jumamosi, 6 Desemba

Mvua isiyo na adabu. Jirani zetu wamefunika mahindi kwa maturubai, wakafunua, wakafunika tena.

Jumatatu, 8 Desemba

Nilienda mjini, duka la Munene, fundi ambaye kanisani hukaa kiti cha nyuma yetu. Nilikuwa nimeandika maswali kwenye karatasi kwa sababu najijua. Nikifika mbele ya mtu maneno hukimbia.

"Siste, unataka ya kuweka filamu?" aliniuliza.

"Ya kuweka koito."

"Koito nzima? Na ng'ombe?" Kijana mwingine aliyekuwa akingoja simu yake alicheka. Niliangalia karatasi.

Munene alipoona sicheki aliacha mzaha, akanitolea mbili. Moja ni nzito kama sabuni ya kipande. Ndani yake kuna sahani inayozunguka, na kijisindano kinachosoma juu yake. Ya pili ni nyembamba, nyepesi, haina kitu kinachotembea.

"Hii ya kuzunguka ni nafasi nyingi kwa bei ya chini," alisema. "Lakini ikianguka ikiwa inafanya kazi, umelia. Hii ingine hata ukipanda nayo boda hadi Turbo haina shida. Tena ina mbio. Mashine yenu iko na tundu za rangi gani? Nyeusi ama buluu?"

Sikujua. Nimekaa mbele ya ile mashine wiki mbili na sijawahi kuangalia mgongo wake.

"Enda uangalie. Kama ni nyeusi tu, zile za polepole, hiyo mbio utailipia bure."

Nililipenda swali hilo. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha kidogo, halafu nikakumbuka kwa nini nilikuwa nimeenda.

Jumanne, 9 Desemba

Nimevuta kompyuta kutoka ukutani. Utando wa buibui, kifuniko cha kalamu, na nyuma kabisa tundu mbili za buluu ambazo hakuna mtu amewahi kuzitumia. Nilimwonyesha Mzee Kimeli. Aliinama, akaziangalia kwa muda, akasema, "Kumbe."

Jumatano, 10 Desemba

Leo Mzee alifika akitabasamu. Sijawahi kuona meno yake ya pembeni. Alitoa mfukoni kitu kidogo cha bati kinachong'aa, kama kiberiti.

"Terabaiti kumi na sita," alisema. "Kijana anauza pale stendi. Wewe umezunguka wiki nzima kwa Munene."

Kwa Munene kubwa kabisa ilikuwa ya tano, na hiyo alisema ni ya kuagiza. Nilikigeuza mkononi. Hakikuwa na uzito wa kitu chochote. Nilichomeka, na kweli mashine ikaandika kumi na sita. Mzee akaenda zake kunywa chai kwa jirani, akaniambia niweke humo harusi ya Jumamosi kisha nifute kadi ya kamera.

Nilifika mpaka kwenye kufuta. Kidole kilikuwa juu ya kitufe.

Sijui ni woga au ni udadisi ulionishika mkono. Nilijiuliza, kama kitu hiki kina nafasi yote hiyo, kitaona shida gani nikiweka harusi ile ile mara tatu? Nikaiweka mara ya pili, nikaiita jina lingine. Kisha ya tatu. Ilichukua asubuhi yote. Mashine haikulalamika hata kidogo. Kila mara ilisema imemaliza.

Nikafungua harusi ya kwanza. Majina yote yalikuwapo. Lakini bibi harusi alipotakiwa kutoka garini, kioo kilibaki cheusi. Nikafungua nyingine, hivyo hivyo. Kile kitu kinajua kusema uongo. Nafasi yake ya kweli ni ndogo, na ikijaa kinarudi mwanzo na kuandika juu ya vilivyotangulia, huku kikiendelea kuonyesha majina.

Mzee aliporudi nilisimama. Huwa sisimami.

"Mzee, hii si ya kweli."

"Nani amesema?"

"Hakuna mtu. Nimeijaribu." Nilimwonyesha kioo cheusi. Nilimwonyesha mara tatu, kwa sababu mara mbili za kwanza alisema labda ni waya.

Alikaa. Alisema, "Nilikuwa nimeshawaambia watu kwa hoteli nimenunua." Kisha akauliza, "Kadi ya kamera umefuta?"

"Hapana."

"Hapana?"

"Hapana, Mzee."

Alipumua kwa nguvu. "Kesho enda ununue ile yako. Mimi usiniulize."

Alhamisi, 11 Desemba

Nilikuwa nimeamua kununua ile nyembamba, kwa sababu Mzee hubeba vitu kwenye mfuko wa koti akiwa juu ya boda. Lakini kwenye karatasi yangu lilikuwa limebaki swali moja, na nililiuliza nikiangalia meza. Mtu akifuta kitu kwa makosa, je?

Munene alijikuna kidevu. "Hii nyembamba, ukifuta, mara nyingi imeenda. Inajisafisha yenyewe. Hii ya kuzunguka ni mzee mvumilivu, inakupa siku kadhaa za kujuta."

Nilichukua ya kuzunguka, terabaiti mbili, na mfuko wake wa sponji. Nitakataza isitolewe mezani ikiwa inawaka. Niliomba kuijaribu kwanza pale pale dukani, na Munene akanipa stuli.

"Hakuna mtu amewahi kukaa hapa saa mbili na diski," alisema. "Hata wachumba hawakai hivyo."

Majina yote yalifunguka. Nilimwambia Mzee kwamba nitakuwa nikihamisha kazi zake zote na itachukua siku kadhaa. Ni nusu ya ukweli.

Jumamosi, 13 Desemba

Stima ilipotea programu ikiwa imefika robo. Naanza upya.

Jumapili, 14 Desemba

Ibada. Munene aliniuliza kwa ishara kama diski iko sawa. Niliitikia kwa kichwa kwamba iko.

Jumatatu, 15 Desemba

Imemaliza. Vipande mia sita na kumi na vinne, na hakuna hata kimoja chenye jina. Ni namba tu. Harusi, mazishi, ubatizo, miaka minne ya vitu vilivyowahi kufutwa, vimechanganyika kama nguo za mtumba. Hakuna njia nyingine ila kuvitazama.

Jumanne, 16 Desemba

Nimetazama mia mbili. Sijampata mzee wa Turbo, lakini nimempata mtu mwingine.

Mwenye kamera haonekani, husikika tu. "Mama, songa kidogo, hapo hapo, asante sana." "Pole, Mzee, nitapita nyuma yako." "Mtoto akilia mwacheni alie, si kitu." Ni Mzee Kimeli huyu huyu ambaye kwangu husema "Kumbe". Nyuma ya kamera anaongea kama mtu aliyevua viatu.

Na kuna vile anavyopiga. Katika kipande kimoja bibi kizee anahangaika kufunga kiatu, watu wanamngoja. Kamera inageuka, inaangalia mahindi ya jirani, mahindi matupu kwa sekunde kama ishirini, kisha inarudi. Bibi ameshasimama. Nimerudia kipande hicho mara nne. Nilidhani yeye ni mtu asiyependa watu. Sasa nadhani anaogopa kuwaona wakiwa hawajajiandaa, kama ninavyoogopa mimi kuonekana.

Jumatano, 17 Desemba

Nimempata. Kofia ya manyoya, koti la kijivu, mvua inagonga hema, na Faith nyuma yake ameinamisha uso. Mzee Kipkirui, Kugo wa Faith, ana sauti nene isiyo na haraka. Lakini yuko katika vipande tisa, na namba hazifuati mpangilio. Anaongea Kinandi. Nimezaliwa hapa Eldoret, nimenunua maziwa na mboga kwa watu wanaoongea lugha hii maisha yangu yote, na zaidi ya salamu sijui neno. Sikuwahi kuuliza. Siwezi kujua hotuba inaanzia wapi na inaishia wapi.

Anayeweza kujua ni mmoja, na ameketi mita mbili kutoka kwangu.

Alhamisi, 18 Desemba

Nilimwambia. Nilisimama, nikashika kiti, nikasema yote tangu ile alama ya kwenye daftari.

Mzee Kimeli alivua miwani. "Ulidhani mbili ni nakala?"

"Ndiyo, Mzee."

"Mbili ni mvua ya pili. Ya kwanza ilinyesha kwa harusi ya watu wengine, mwezi wa nane." Alizifuta miwani kwa shati. "Siku kumi na tano umekaa na hii kitu peke yako?"

"Kumi na sita."

"Ungeniambia siku ya kwanza, tungeitafuta pamoja." Hakusema kwa hasira. Ilikuwa mbaya zaidi kuliko hasira. "Cheza hivyo vipande."

Alisikiliza vyote tisa mara moja, macho amefumba, kisha akanitajia namba kwa mpangilio, nami nikaandika. Mwishoni alisema, "Hapa katikati kuna shimo. Dakika nne hivi."

Nilijua kilicholala hapo. Ni mazishi ya Cheptiret, niliyoyaweka kwa mkono wangu.

"Majina mabaya ya folda ni yangu," alisema. "Kufuta ni kwako. Harusi za Desemba zikiisha twende Turbo, uwaambie mwenyewe. Nitakuwa hapo."

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Chapati kumi na nane. Sikuonja ladha yake.

Jumamosi, 3 Januari

Turbo. Jua kali, mahindi yameanikwa uwanja mzima, ilibidi tupite pembeni kwa mstari mmoja. Walikuwa sebuleni. Faith, baba yake mdogo, shangazi yake mnene mwenye kucheka, na Mzee Kipkirui kwenye kiti cha mbao karibu na dirisha, ile ile kofia ya manyoya.

Nilikuwa nimejipanga kumwambia Faith. Lakini nilipoingia yule mzee alinyoosha mkono kunisalimu, akanishika na hakuniachilia, basi nikamwambia yeye. Nilisema mimi ndiye niliyefuta maneno yake, kwamba nimepata mengi ila si yote, kwamba dakika nne haziwezi kurudi. Faith alikuwa akitafsiri, halafu akaacha kutafsiri, kwa sababu mzee alikuwa anaelewa Kiswahili vizuri kabisa.

Kumwomba msamaha mtu asiyeweza kujibu ni kazi ngumu. Unangoja, na hujui unangoja nini. Aliangalia uso wangu. Kisha akaelekeza kidole kwenye kompyuta ndogo ya Faith. Nikachomeka diski.

Alijitazama akiongea. Midomo yake ilisogea kidogo, nyuma ya maneno, kama mtu anayefuata wimbo asioukumbuka. Picha ilipofika kwenye shimo ikaruka, na shangazi akasema, "Hapo ndipo alisema juu ya pombe. Kwamba kijana asiguse pombe." Alisema kana kwamba mume wa mtu fulani, ambaye hakuwapo, angemsikia.

Mzee Kipkirui alitikisa kichwa kukataa.

"Si pombe," baba mdogo alisema. "Ni ile ng'ombe nyekundu. Alisifu ile ng'ombe kwa muda."

Alikataa tena, sasa kwa mkono.

"Kugo, ulisema nimalize chuo kwanza," Faith alisema.

Alimwonea huruma, lakini alikataa.

Wakaendelea. Kila mmoja alileta hotuba yake, na kila mmoja alikuwa na uhakika kabisa, na yule mzee aliwakataa mmoja baada ya mwingine mpaka mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani anaumwa. Alikuwa anacheka. Kicheko hakikuwa na sauti, kilikuwa pumzi tu, na shangazi alipokiona akacheka naye hadi akaketi kwenye mkono wa kochi. "Huyu mzee anatufanyia mtihani," alisema.

Ndipo Mzee Kimeli, aliyekuwa amesimama mlangoni na kamera shingoni, aliposema kwa Kiswahili, chini chini, "Mimi nilikuwa nimevaa visikizi vya kamera. Nilisikia yote."

Wote waligeuka. Niliona shingo yake ikibadilika rangi. Alivua kamera, akanipa. "Piga," aliniambia. "Mwelekee yeye, si mimi."

Akaanza kuongea Kinandi. Mwanzoni alikuwa akitazama sakafu. Maneno yalikuja polepole, kisha yakapata mwendo, na kumbe ulikuwa mwendo wa yule mzee, ule usio na haraka. Niliielekeza kamera kwa Mzee Kipkirui kama nilivyoambiwa. Alikuwa ameacha kucheka. Alinyanyua kidevu. Akakubali kwa kichwa mara moja, kisha tena, na tena, kila baada ya maneno machache, kama mtu anayehesabu ng'ombe zake zikiingia zizini na zote zipo.

Faith alininong'oneza sikioni maana yake, na ninaiandika hapa nisije nikaipoteza. Mzee aliwaambia watu wa upande wa kijana hivi: Msichana wetu huyu hunyamaza. Akinyamaza msiseme amekubali, wala msiseme amekasirika. Anafikiri. Mkimngoja atawaambia, na mtafurahi kwamba mlingoja. Mimi mwenyewe nilichelewa kulijua hilo, nikampoteza mwaka mzima nikidhani ananichukia.

Wa nyumbani walikuwapo wote siku ile, na hakuna aliyelikumbuka. Faith alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja.

Mzee Kimeli alipomaliza alisema, "Ni hapo," akaenda nje kuangalia mahindi.

Jumatatu, 5 Januari

Nimemaliza kuunganisha. Kwenye shimo nimeweka uso wa Mzee Kipkirui akisikiliza na kukubali, na sauti ya Mzee Kimeli chini yake. Faith ameiona na amesema iende hivyo hivyo. Nakala moja iko kwenye diski, moja kwenye flashi ya Faith, na folda inaitwa Faith, Koito, Turbo, na tarehe kamili. Mzee Kimeli alisoma jina hilo akasema limekosa mvua. Nikaongeza mvua.

Sasa ile habari ya Desemba hata ukimwambia nani ni sawa, wenyewe wanaijua, na Mama nilimwambia jana tukichambua maharagwe.

Ila kuna hii. Pale Turbo, karibu na mwisho, kamera niliigeuza. Sikuambiwa. Kwa sekunde kumi na moja anaonekana Mzee Kimeli mwenyewe, mikono ikiongea, macho juu, haoni kamera wala mtu. Sijaziweka kwenye video ya harusi na sitaziweka. Nimezihifadhi peke yake, kwenye folda ambayo yeye hafungui. Kama utakutana naye pale Pioneer, msalimie tu. Usimwambie.